Ngome Imesimama. Nani Anaweza Kuhamisha Mlango?



Leo sitaongea juu ya michango wala kamati. Nataka kuhukumu mchezo wa watoto. Najua kuna watakaosema: mtu mzima, mwenye diploma ya informatike, anakuja kutuandikia juu ya michezo? Musome kwanza, kiisha mutanicheka.

Mchezo unaitwa Minecraft. Ulianzia Uswidi mwaka 2009, na mwaka 2014 Microsoft ilinunua kampuni yake, Mojang, kwa dola bilioni 2.5. Dunia yake yote ni matofali: ya mawe, ya udongo, ya kioo, ya mbao. Unabomoa, unapanga, unajenga. Lakini mimi naongelea toleo moja dogo, Minecraft Pi, lililotoka mwaka 2013 kwa ajili ya Raspberry Pi, ile mashini ya Uingereza inayoenea kwenye kiganja. Toleo hili ni la bure. Halina maadui wala njaa, na dunia yake inaishia kwenye matofali 256 kwa 256. Wenyewe waliliacha hapo, hawakuliendeleza. Lakini lina kitu kimoja ambacho kilinishika: unaweza kujenga bila kugusa tofali hata moja, kwa kuandika mistari ya Python.

Rafiki mmoja aliniletea Raspberry Pi akitoka Ubelgiji. Tuliiunganisha na televizio ya dada yangu. Inakula volti 5 tu, kwa hiyo ya kwangu, umeme ukienda, naibeba kwa pawabanki. Na mchezo wenyewe hauombi mega hata moja. Kwa sisi wa Bukavu, hiyo peke yake ni sifa.

Sifa ya pili ni uchache wa maneno. Amri ya setBlock inaweka tofali moja: unataja mahali kwa namba tatu, kiisha aina ya tofali. Jiwe ni 1, udongo ni 3, kioo ni 20. Amri ya setBlocks inajaza sanduku zima: unataja kona mbili, yenyewe inajaza katikati. Kwa amri hizo mbili mtoto anaweza kuanza kazi.

Na hapa njo kuna uzuri ambao sikuutegemea. Katika mchezo huu hewa nayo ni tofali, namba yake 0. Kwa hiyo kujenga nyumba kwa programu si kupandisha ukuta mmoja mmoja sawa vile fundi anafanya. Unajaza sanduku nzima la mawe, matofali 11 kwa 11, kimo 6. Hayo ni 726. Kiisha unajaza ndani yake sanduku dogo la hewa, 9 kwa 9, kimo 4. Hayo ni 324. Kinachobaki ni matofali 402: sakafu, kuta na paa. Mistari miwili tu. Kwa mkono ungeweka 402, moja kwa moja. Mtoto wa dada yangu, miaka 13, alipoona jiwe zima linageuka nyumba, alinyamaza kidogo, halafu akauliza: «Mjomba, kumbe tumejenga kwa kutoa?» Ndiyo. Katika miaka yangu yote ya masomo hakuna aliyenipa wazo zuri namna hiyo.

Sasa niseme aibu yangu. Nyumba ile sikutaka iwe ya 11. Nilitaka ya 10. Niliandika kutoka x mpaka x+10, nikaona imeisha. Mtoto akasogea karibu na televizio, akahesabu kwa kidole: «Mjomba, ziko kumi na moja.» Nikamjibu kwamba mashini imekosea. Mimi, mhitimu. Mashini haikukosea: setBlocks inahesabu kona zote mbili, kwa hiyo kutoka 0 mpaka 10 ni matofali 11. Na ili mambo yawe magumu zaidi, ukijenga kwa kurudia na range(10) ya Python, unapata 10, maana yenyewe inaanzia 0 na kuishia 9. Chombo kimoja, hesabu mbili. Nililaumu mashini kwa sababu sisi tulikuwaka tunaandika programu kwenye karatasi. Silabusi tulinunua, mtihani tulifanya kwa kalamu, lakini programu zenyewe hatukuziona zikitembea. Kwenye karatasi ukuta haugeuki 11.

Nilipotaka kusahihisha, mtoto akanizuia: «Acha tu, Mjomba. Ikiwa kumi, mulango hautakaa katikati.» Ni kweli. Upana wa 10 hauna tofali la katikati, 11 unalo. Yeye alikuwa ameshapita kosa langu, amelipatia kazi.

Lakini hii ni hukumu, si sherehe, kwa hiyo niseme na kasoro.

Ya kwanza: kimo kinaitwa y, si z. Wengi wetu tulizoea kwamba z ndiyo inapanda. Mnara wangu wa kwanza ulilala chini sawa ukuta wa shamba. Ni kasoro ndogo, unaizoea.

Ya pili ni kubwa zaidi. setBlocks haiulizi. Kama mahali ulipotaja pana nyumba ya mwenzako, inaifuta bila neno. Kuna amri ya kuhifadhi hali ya dunia ili uirudishe baadaye, lakini mpaka uikumbuke mwenyewe mbele ya kuharibu. Ukiikumbuka nyuma, umechelewa.

Ya tatu njo inanisumbua kabisa. Katika dunia ile jiwe halina uzito. Mchanga na kokoto vinaanguka, lakini jiwe unaliweka hewani na linabaki hewani. Jirani yetu mmoja, fundi wa kujenga, mzee, aliingia kutusalimia siku ile. Akaitazama nyumba yetu ambayo tuliisimamisha juu ya bonde, upande mmoja hauna kitu chini. Akauliza: «Mwanangu, hii nyumba inasimama juu ya nini?» Mtoto akajibu: «Papa, juu ya namba.» Tulicheka. Lakini sisi tunaoishi kwenye milima hii, ambako mvua inaweza kubeba nyumba pamoja na wenyewe, tunajua swali la mzee halikuwa la kuchekesha. Programu inafundisha umbo la nyumba. Haifundishi nyumba. Mwalimu asiyesema hilo wazi anadanganya.

Na mimi nimeshadanganya, kwa namna nyingine. Wakati wa vakansi kubwa nilifundisha vijana wa mtaa wetu siku mbili. Niliwapa programu ya ngome ikiwa tayari, mistari karibu 40, niliyoandika mwenyewe usiku. Wakanakili, wakabonyeza, ngome ikasimama: minara minne, kioo, maji pembeni. Makofi, picha, wazazi wakafurahi. Kiisha msichana mmoja akaniomba mlango uwe upande wa ziwa. Nikasema: vizuri, uhamishe. Hakuweza. Nikauliza wote. Hakuna aliyeweza. Kila mmoja alikuwa na ngome, lakini hakuna aliyejua mlango wake uko kwenye mstari gani.

Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, mmoja wa waliotengeneza lugha ya Logo mwaka 1967, alitetea jambo hili zamani: mtoto ndiye aiprogramu mashini, si mashini impangie mtoto. Mimi niligeuza. Niliwatumia watoto kama vidole vya programu yangu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Minecraft Pi ni chombo kizuri kilichoachwa nusu ya njia, na bado kinafaa, hasa kwetu. Lakini ngome iliyosimama kwenye ekrani haishuhudii kitu, maana ngome ya aliyenakili na ya aliyeelewa zinafanana tofali kwa tofali. Ukitaka kujua, usitazame ngome. Mwambie mwenyewe ahamishe mlango. Siku hizi naanza kwa mkono: kila mtoto anajenga kibanda kidogo, anahesabu matofali, anaandika hesabu kwenye daftari. Kiisha ndiyo anaandika programu. Kiisha nahamisha mlango. Inachukua siku nne badala ya mbili, na picha zake si nzuri sana.

Na sisi wenyewe? Tunajua wote kuna TFC zinazoandikwa saiba, kwa bei inayojulikana, zikiwa na jalada safi na kurasa zote. Zinasimama vizuri mbele ya jury. Sitaki kutaja mtu, na sitajificha: ya kwangu niliiandika mwenyewe, lakini kuna sura moja ambayo, mungeniomba nihamishe mlango wake, ningesema mashini imekosea.

Wiki hii nimeifungua tena, hiyo sura. Mtoto wa dada yangu ananisaidia kuhesabu.

Hayo ni yangu. Mwenye kuona tofauti aandike hapa chini, tutajibizana kwa heshima.