Nani Kasema, na Alijuaje?

Mwanafunzi wa historia anapoingia mwaka wa tatu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kufaulu si tatizo tena kwake. Ameshajua kutafuta madesa, kuyakariri usiku wa kuamkia mtihani na kuyamwaga yote kesho yake, na kwa ujuzi huo amevuka miaka miwili bila sapu. Ndipo anapokutana na semina. Mhadhiri hana desa la kugawa. Ana kurasa chache za nakala, tena zinazopingana, na ana swali ambalo kijana hajaulizwa tangu darasa la kwanza: nani kasema, na alijuaje?

Ualimu wa namna hii hausifiwi. Profesa tunamsifu kwa vitabu vyake na kwa mihadhara inayojaza ukumbi. Walter Rodney, aliyefundisha Mlimani kwa vipindi viwili kati ya 1966 na 1974, anakumbukwa kwa yote mawili. Kuwaketisha vijana wachache kuzunguka meza na kuwafanya wagombane na karatasi ni ufundi mwingine, nao haumpi mtu jina. Kwangu mimi ndio mgumu zaidi.

Tuchukue Vita vya Maji Maji, ambavyo kila aliyesoma Tanzania anavijua, au anadhani anavijua: Kinjikitile wa Ngarambe na dawa yake, pamba iliyong'olewa Nandete Julai 1905, makabila yaliyoungana, risasi ambazo hazikugeuka maji. Kijana anaweza kuvisimulia akiwa usingizini. Mhadhiri anaweka mezani kurasa za Gustav Adolf von Götzen, gavana wa Kijerumani wa wakati ule, aliyechapisha kitabu chake kuhusu vita hivyo mwaka 1909. Götzen anawatupia lawama waganga na ushirikina. Darasa linamcheka, na mhadhiri anaacha wamcheke. Kisha anauliza: kama chanzo kilikuwa pamba ya lazima na viboko vya maakida, nani angetakiwa kujieleza Berlin? Kicheko kinakatika. Kumbe aliyeandika ni mtu anayejitetea. Na hapo ndipo kurasa zake zinapoanza kufaa, maana anayejitetea huacha nyayo zinazoonyesha anachokikimbia.

Baada ya gavana huja utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi kuhusu vita hivyohivyo. Vijana hupumua: sasa tumempata mwenzetu. Lakini Jamaliddini ni mtu wa mji wa pwani, wala si Mmatumbi wa milimani, wala Mngoni wa Songea. Darasa lililomshuku Mjerumani bila taabu huona haya kumshuku mshairi wa Kiswahili, na somo la siku hiyo, kwa maoni yangu, limo katika kuona haya kule.

Halafu kuna hesabu ya waliokufa. Takwimu ya Kijerumani inayotajwa sana ni watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mwanafunzi wa madesa huandika namba kubwa kwa kuwa ni ya mwenyeji, au hutafuta wastani, jambo baya zaidi. Semina humbana aeleze kila namba imemhesabu nani. Waliopigwa risasi tu? Au pia waliokufa kwa njaa baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala? Mtoto aliyekufa kwa kukosa chakula mwaka 1907 hakuwa na askari wa kumwandika. Kipindi kizima kinaweza kuishia hapa na ratiba ya wiki ikavurugika. Mhadhiri mzuri huiacha ivurugike.

Ugumu wa ualimu huu uko katika kunyamaza. Watazamaji wa bao wanajua shida ya kuiona kete na kufumba mdomo. Mhadhiri wa semina hufumba wiki kumi na tano mfululizo, huku mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote akipotea mbele ya macho yake. Ualimu mwingine hufanyika pembezoni mwa karatasi. Rasimu ya tasnifu inarudi, na kando ya kila "inasemekana" kuna alama ya kuuliza. Tanbihi ya tisa inadai ukurasa ambao mwanafunzi hakuusoma, naye anagundua kwamba msimamizi wake ameufungua.

Tabia hii ya kudai ushahidi ina asili yake palepale chuoni. Terence Ranger alifika mwaka 1963, baada ya kufukuzwa Rhodesia, akawa profesa wa kwanza wa historia wa chuo. Mwaka 1968, katika mradi wa utafiti wa Maji Maji, wanafunzi wa shahada ya kwanza walikwenda vijijini kuwahoji wazee. Aliyekuwa na miaka kumi vita vilipoanza alikuwa na sabini na mitatu. Kuchelewa kidogo kungezika mengi. Mwaka huohuo Gwassa na John Iliffe walichapisha mkusanyo wa kumbukumbu za vita hivyo, na tangu hapo hakuna anayeandika kuhusu Maji Maji akaukwepa.

Semina iliyoiva haiwapigii magoti hata hao. Nao waliandika katika siasa za wakati wao: Nyerere alikuwa ameshavitaja vita hivyo Umoja wa Mataifa mwaka 1956 akidai uhuru, na Ranger aliandika akiunganisha mapambano ya mwanzo na vyama vya ukombozi. Miaka ya 1990 mwanahistoria Thaddeus Sunseri akaleta Uzaramo yenye njaa, nguruwe pori shambani na mvutano wa kazi kati ya wanawake na wanaume. Jamie Monson akaonyesha kusini magharibi ambako watawala walichagua upande kwa kuangalia ugomvi wao wa zamani na majirani. Umoja wa makabila ukapata nyufa. Basi binti mmoja, ambaye hajasema neno tangu muhula uanze, anauliza: mzee wa 1968, akijibu maswali ya vijana wa chuo kikuu, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, alidhani wanataka kusikia nini? Na mke wa mzee huyo aliyekuwa jikoni, nani alimhoji? Mhadhiri hajibu. Anamkumbusha tu kwamba Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kuandikisha mada za tasnifu.