Kicheko Kiko Usoni mwa Askari

Mwaka 1989 studio mbili za Hollywood zilitoa, kwa kupishana miezi mitatu tu, sinema mbili zenye wazo moja: mpelelezi aliyezoea kufanya kazi peke yake anabebeshwa mbwa. K-9 ya Universal, iliyoongozwa na Rod Daniel, ilitoka mwishoni mwa Aprili, James Belushi akiwa mpelelezi Dooley wa San Diego. Turner & Hooch ya Touchstone, kampuni iliyo chini ya Disney, ikafuata mwishoni mwa Julai. Humo Tom Hanks ni Scott Turner, askari wa mji mdogo wa pwani ya California. Watazamaji wengi hadi leo huwakumbuka mbwa kuliko askari. Lakini ukizitazama upya huku umezima sauti, utaona kwamba mbwa hawafanyi kichekesho chochote. Wanabweka, wanakula, wanalala, wanatafuna. Kicheko kinatengenezwa kwingine, usoni mwa binadamu na kwenye meza ya uhariri.

Sinema hizi zilirithi muundo wa askari wawili wasioivana, uliokuwa umeshika soko tangu 48 Hrs. ya 1982 hadi Lethal Weapon ya 1987. Katika muundo huo ugomvi ni wa maneno: huyu anatukana, yule anajibu. Ukimtoa mmoja na kumweka mbwa, mwandishi wa mswada anapoteza nusu ya mazungumzo. Hapo ndipo penye ugumu, na sinema zote mbili ziliutatua kwa njia moja. Mbwa akapewa jambo analolijua, ambalo askari analihitaji. Hooch ndiye shahidi pekee wa mauaji ya bwana wake, mzee Amos. Jerry Lee, mbwa wa Dooley, ana pua ya kufichua dawa za kulevya. Jibu la kesi limo ndani ya kichwa kisichoweza kusema. Basi askari hana budi kumsoma mbwa, akosee, amsome tena, na kila kosa ni tukio jipya la kuchekesha.

Chukua usiku wa kwanza wa Hooch nyumbani kwa Turner. Turner ni mtu nadhifu kupita kiasi, kila chombo chake kina mahali pake. Anamtembeza mgeni chumba kwa chumba, akimweleza kwa sauti ya upole ya mwenye nyumba kipi si chumba chake. Katika maneno yenyewe hakuna utani. Hanks anayasema kana kwamba anayesikiliza ni mtu mzima mwenye akili timamu, na baada ya kila sentensi anasita kidogo, kama anayesubiri kuitikiwa. Kusita huko ndiko kunakochekesha. Baadaye anatoka kwenda kununua chakula cha mbwa, na akirudi anakuta nyumba imevurugwa juu chini.

Matukio ya namna hii hayapigwi kwa mkupuo mmoja. Beasley, mbwa aliyeigiza kama Hooch akisaidiwa na wenzake wa kumpokezana, alifundishwa na Clint Rowe. Katika kazi hii mbwa hufundishwa vitendo vifupi: simama kwenye alama, lala, bweka, shika, vuta, tikisa. Mkufunzi husimama nje ya fremu na kipande cha nyama au kichezeo. Akitaka mbwa aonekane anamtazama mwigizaji, hujipanga nyuma ya bega la mwigizaji huyo. Akitaka mbwa ageuze kichwa, mwenzake huita kutoka upande wa pili. Amri zinazotolewa kwa sauti husikika kwenye rekodi, ndiyo maana mlio mwingi wa mbwa unaousikia, pamoja na ule wa kutafuna na kukoroma, huongezwa baadaye studio. Picha za mbwa peke yake na za mtu peke yake hupigwa mbalimbali, kisha mhariri ndiye anayewakutanisha.

Majaribio ya Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi ya Kisovieti, yalikwisha kueleza siri hiyo miaka mingi kabla: uso uleule usiobadilika husomwa kuwa wa njaa ukiwekwa kando ya sahani ya supu, na kuwa wa huzuni ukiwekwa kando ya jeneza. Beasley alikuwa na uso uliofaa mno kwa kazi hiyo. Alikuwa Dogue de Bordeaux, mbwa wa asili ya Ufaransa, kichwa kikubwa, ngozi ya makunyanzi, midomo inayoning'inia na udenda usiokatika. Nchini Marekani aina hiyo ilikuwa adimu wakati huo, na American Kennel Club iliitambua kikamilifu mwaka 2008 tu. Mtazamaji hakuwa na mazoea nayo, kwa hiyo makunyanzi yale aliweza kuyapa maana yoyote: leo dharau, kesho majuto. Udenda nao ulifanya kazi ya mswada. Kila tone linaloangukia kitu cha Turner ni sentensi ambayo Hooch hahitaji kuitamka.

Kiti cha mwongozaji nacho kilikuwa na habari yake. Henry Winkler ndiye aliyeanza kuongoza Turner & Hooch, akaondolewa mapema, nafasi ikachukuliwa na Roger Spottiswoode. Huyu alikuwa amefanya kazi ya uhariri kwa mwongozaji Sam Peckinpah, ikiwemo Straw Dogs ya 1971. Kwa sinema ambayo mmoja wa wahusika wakuu anaigiza kwa vipande vya sekunde chache, mtu aliyekulia kwenye meza ya uhariri alikuwa hazina.

Katika kumtumia mbwa wake, K-9 ilifuata njia nyingine. Mbwa wake mkuu, Koton, alikuwa mbwa wa polisi kweli kutoka Kansas City, na utii wake ndio uliotumika kama kichekesho. Dooley anaingia baa iliyojaa wahuni, anazingirwa, kisha anamwita Jerry Lee. Shambulio lenyewe ni mafunzo halisi ya polisi, na linachekesha kwa sababu Belushi ametulia tuli huku mtu mwingine akilia. Mkufunzi wa sinema hiyo, Karl Lewis Miller, ndiye aliyewaandaa mbwa wa Cujo ya 1983, sinema ya kutisha. Kubweka na kurarua ni kulekule. Kilichobadilika ni muziki, umbali wa kamera, na uso unaoonyeshwa mara tu baada ya jino.

Kwa kuwa kicheko kinategemea uso huo wa binadamu, Show Dogs ya 2018 haifikii kiwango cha sinema hizi mbili. Humo mbwa wa polisi anazungumza, mdomo wake ukichezeshwa kwa kompyuta, na mara anapojieleza, mwigizaji Will Arnett aliye kando yake anakosa la kufanya.

Tofauti kubwa kati ya sinema hizo mbili za 1989 iko mwishoni. Dooley anamwaga moyo wake mbele ya Jerry Lee aliyelazwa na majeraha ya risasi, na kumbe mbwa yu hai. Hooch anakufa. Turner & Hooch iliingiza zaidi ya dola milioni 70 Marekani, K-9 zaidi ya milioni 40, kwa hiyo kifo hicho hakikuwafukuza watu. Nacho kimepigwa kwa ustadi uleule: Hooch amelala tu, jambo ambalo mbwa yeyote aliyefundishwa hulifanya, na msiba wote unabebwa na Hanks. Kasoro inakuja katika kukata. Mara baada ya hapo sinema inarukia nyumba yenye furaha na vitoto vya mbwa, kimoja kikiwa sura ya baba yake Hooch hasa, tena mharibifu vilevile. Mhariri aliyekuwa na subira ya kungoja kusita kwa Hanks katika kila chumba, hapa hakumwachia Turner hata shoti moja ya kuirudia nyumba yake ikiwa safi na tupu.