Haikifikii Kitabu

Waulize waliotazama Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji, na wengi watakujibu kwa maneno mawili: haikifikii kitabu. Si ajabu. Riwaya ya Adam Shafi (1999) tuliisoma kidato cha tano na sita tukisaka dhamira na wahusika kwa ajili ya mtihani. Sasa tunaikagua filamu kama wasahihishaji, tukihesabu kilichoachwa. Hatusemi ukimya wa Yasmin unatuambia nini, wala Siti Amina, msanii wa taarab, anamwigizaje Mwajuma. Una haki ya kuchoshwa. Ila taja tukio lililokuchosha, useme kwa nini. Hukumu ya maneno mawili hufunga mjadala, na sinema yetu inahitaji watu wa kubishana nayo.