Sikio la Fundi wa Kanda

Fundi ninayemvulia kofia yuko Mji wa Kale, Mombasa, na kazi yake ni kuhamisha sauti za kanda kuziingiza kwenye kompyuta. Huletewa taarabu za Juma Bhalo na Zein l'Abdin zilizorekodiwa harusini, mawaidha, hata salamu ambazo jamaa wa Maskati walizinena kwenye kaseti badala ya kuandika barua. Asiyeijua kazi hii hudhani ni kuchomeka waya na kubonyeza kitufe. Kweli kanda ya dakika 90 huchezwa dakika 90, hapana njia ya mkato, lakini ufundi wenyewe hutangulia.

Kwanza hukikagua kile kitambaa kidogo kinachougandamiza utepe kwenye hedi inayosoma sauti. Gundi yake hukauka kikabanduka, na sauti ikafifia. Kisha huupeleka utepe mpaka mwisho na kuurudisha, ujikunje upya sawasawa baada ya kulala miaka mingi. Kanda za dakika 120 huzishika kwa hadhari zaidi. Utepe wake una unene wa maikroni 9 tu, na mashine huutafuna upesi. Hedi na gurudumu la mpira huvisafisha kwa pamba na spiriti.

Halafu inakuja skrubu. Ni ndogo, iko ubavuni mwa hedi, na huinamisha hedi kwa kiasi cha unywele. Kila redio kaseti ilirekodi kwa mwinamo wake. Ile iliyowekwa mbele ya spika ukumbini usiku wa harusi huenda hedi yake ilikuwa imekaa upande, na ukiicheza kanda yake kwenye deki iliyonyooka, sauti za juu hupotea: tashkota, ile ala ya nyuzi, inakuwa butu, maneno ya mwimbaji yanakuwa kama yamefunikwa blanketi. Fundi huchanganya chaneli mbili ziwe moja, kwa sababu hapo kasoro husikika wazi zaidi, akazungusha bisibisi taratibu huku akiiwinda "s" na "sh" ya mwimbaji. Akipita kidogo, anarudi. Kisha nyuzi zinang'aa, na ubeti unasikika neno kwa neno. Kanda inayofuata, anaanza upya.

Hurekodi faili ya WAV, biti 24, bila kusafisha chochote. Anayetaka MP3 ya kutuma kwa simu hupewa nakala yake kando. Mimi naliafiki hili kabisa, maana programu zinazofuta mvumo huweza kula vigelegele na minong'ono ya watu wanaokwenda kumtunza mwimbaji, na hiyo ndiyo harusi yenyewe.

Asichoweza kukirudisha ni kilichopotea kanda ilipotolewa nakala, na nakala ikatolewa nakala. Kila mara mvumo uliongezeka. Kwa hiyo hata ukimletea kaseti safi yenye jalada la rangi, kabla hajaipokea atakuuliza ni nani aliyekuwa na redio usiku ule, na kama kanda ya kwanza bado iko kwao.