Faneli Ndogo ya Jiko la Safari: Anza Kupima Juu, Kisha Itafutie Hewa Njia

Svea 123 ni jiko la petroli kutoka Uswidi, lililoingia sokoni mwaka 1955. Ni la shaba njano, lina uzito wa takriban nusu kilo, na halina pampu: joto la moto wake lenyewe ndilo linaloisukuma petroli kupanda hadi kwenye nozeli. Wapanda milima wamelipenda kwa miongo mingi kwa sababu lina vitu vichache sana vya kuharibika. Kazi inayowasumbua ni kulijaza. Tangi lake linachukua takriban mililita 118 tu, tundu la kujazia ni dogo, na kichwa cha jiko kiko jirani kabisa, huku petroli yenyewe ikiwa kwenye chupa kubwa isiyomimina kwa adabu. Hapo ndipo faneli inapohitajika, na nimeona watu makini, wenye vifaa vizuri, wakichagua faneli isiyofaa kwa sababu wamepima mahali pasipostahili.

Wengi hupima mkia. Wanauliza kama utaingia tunduni, na ukiingia wanaridhika. Mimi naanzia juu, kwenye mdomo. Faneli yenye mdomo wa sentimita 5 na kina cha sentimita 4 hubeba kiasi cha mililita 26. Kwa dumu la lita tano hicho si kitu. Kwa tangi la mililita 118 ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya ujazo wote. Jiko hili linatakiwa kujazwa robo tatu tu, yaani mililita 88 hivi. Sasa fikiria mtu anayemimina huku faneli imejaa, anachungulia, anaona tangi limefika robo tatu, anaiacha chupa. Petroli iliyobaki ndani ya faneli haina pa kwenda ila chini. Ikimalizika kushuka, tangi lina mililita 114, karibu na ukingo, na mjazaji hakukosea kuangalia hata kidogo. Faneli yenye mdomo wa sentimita 3 na kina cha sentimita 3 hubeba mililita 7 tu, na kwa hiyo kosa lake kubwa kabisa ni dogo. Hii ndiyo maana ya kweli ya udogo katika kazi hii.

Robo ile tupu ina kazi. Petroli hutanuka kwa takriban elfu moja ya ujazo wake kwa kila digrii moja ya joto. Tangi lililojazwa pomoni asubuhi ya baridi, kisha likapata joto la digrii 30 zaidi, linatafuta nafasi ya mililita tatu na zaidi ambayo haipo. Kimiminika hakikubali kubanwa. Kwenye kifuniko kuna vali ya usalama inayofunguka msukumo ukizidi, na kinachoruka nje hapo ni petroli, karibu kabisa na moto. Kwa hiyo ninapozungumzia mililita ishirini za ziada, ninazungumzia mikono na nyuso za watu.

Jambo la pili ni hewa. Tangi tupu si tupu: limejaa hewa na mvuke wa petroli, na kila mililita inayoingia lazima itoe mililita moja ya hewa. Watu hudhani mkia mnene ndio unaoziba njia. Mara nyingi si mkia. Mkia wa milimita 6 ndani ya tundu la milimita 10 umeacha nafasi tele pembeni. Kinachoziba ni koni ya faneli, pale inapokaa juu ya ukingo wa tundu na kulifunika kama kizibo. Hewa ikikosa njia hujisukuma kupitia mkia uleule unaoleta mafuta, na faneli hushikwa na kwikwi: inasimama, inatema povu, inasimama tena, kisha inamwaga kwa ghafla. Mama anayepima mafuta ya taa dukani anajua dawa yake bila kufundishwa; huinua faneli kidogo kwa kidole, na mafuta yanashuka. Lakini kwa jiko dogo lililokaa juu ya jiwe, mkono mmoja ukishika chupa na mwingine ukishika jiko, hakuna kidole cha ziada. Ndiyo maana natafuta faneli yenye mbavu ndogo upande wa nje wa koni, au naweka mbavu hizo mwenyewe: vipande viwili vitatu vya waya mwembamba wa shaba, vilivyochomewa kwa risasi pale koni inapogusa ukingo. Pengo la milimita moja linatosha.

Upana wa ndani wa mkia ndio unaoamua kasi. Kwa kimo cha mafuta cha sentimita 5 hivi, tundu la milimita 5 hupitisha, kwa makadirio yangu, mililita 13 au 14 kwa sekunde. Robo tatu ya tangi la Svea inaisha ndani ya sekunde saba, na jicho la binadamu haliwahi. Tundu la milimita 3 hupitisha kama mililita 5 kwa sekunde. Hiyo ni kasi unayoweza kuifuata na kuikatiza. Wapo wanaoogopa kwamba tundu jembamba namna hiyo litakwama, kwa kuwa wamelijaribu kwa maji jikoni na matone yakaning'inia. Maji hayaamui kitu hapa. Mvutano wa uso wake ni karibu mara tatu ya ule wa petroli au mafuta ya taa, kwa hiyo faneli inayositasita kwa maji hupitisha mafuta bila shida.

Kuhusu malighafi sitakawia. Plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, polistireni, huyeyuka kwa petroli, iepukwe kabisa. Polithini na polipropilini huvumilia. Hata hivyo nachagua chuma, alumini au shaba njano, kwa sababu metali inayogusa metali haiachi chaji ya umeme ikusanyike kati ya faneli na tangi, na petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa huhitaji joto la digrii 38 au zaidi ndipo mvuke wake uwake, na ndiyo sababu mazoea ya jiko la mafuta ya taa hayapaswi kuhamishiwa kwenye jiko la petroli.

Vipi kuhusu chujio? Tundu la nozeli katika majiko ya aina hii ni takriban milimita 0.3, na punje moja ya kutu inatosha kuliziba. Kampuni ya Coleman ya Marekani iliuza faneli zenye chujio ndani kwa ajili ya taa na majiko yake, na kwa matangi makubwa ni kifaa kizuri. Kwa jiko dogo naona chujio limewekwa mahali pasipo pake. Linapunguza kasi bila mpangilio, linabaki limelowa, na linaendelea kudondosha baada ya wewe kudhani umemaliza. Chuja nyumbani, unapojaza chupa ya safari, ukiwa na meza na mwanga. Huko milimani faneli iwe na kazi moja tu.

Asiyepata dukani faneli ya vipimo hivi asihangaike kuagiza ng'ambo. Fundi bati wa mitaa ya mafundi kama Kamukunji au Gerezani anayetengeneza vibatari kwa makopo anaweza kuikunja na kuichomea mara moja. Mpelekee kifuniko cha jiko, usimpelekee maelezo matupu, kwa kuwa kipenyo cha tundu hupimwa kwa kifuniko chake. Mwombe akate ncha ya mkia mshazari ili tone la mwisho lijue pa kushukia. Anayewasha karabai nyumbani anaweza kuitumia hapo pia, mradi iwe imekauka petroli kabisa. Chembe za petroli ndani ya chombo cha mafuta ya taa ni hatari, na ningependelea kila mafuta yawe na faneli yake.

Wapo waliolitatua jambo hili kwa kuiacha faneli nyumbani. Chupa za alumini za mafuta huweza kufungwa kizibo chenye matundu mawili, moja la kumiminia lenye kijimrija chembamba, jingine la kuingizia hewa. Ukiziba tundu la hewa kwa kidole, mafuta yanakoma, ukiachia, yanatiririka. Ni ubunifu ninaouheshimu sana, kwa kuwa unaitumia hewa ileile iliyokuwa inaleta kwikwi. Kasoro yake ni kwamba kijimrija kirefu hupinda au kuvunjika mkobani, na kizibo kikilegea petroli utaikuta kwenye nguo.

Kwa njia yoyote kati ya hizi, jiko liwe limepoa na limezimika. Svea huwashwa kwa kuchoma petroli kidogo kwenye kibonde kilicho juu ya tangi lenyewe. Tone lililomwagika pembeni wakati wa kujaza litawaka pamoja na lile la kuwashia, likilizunguka tangi. Funga kifuniko, futa tangi, ngoja likauke, na chupa iliyofungwa isogezwe mbali kabla kiberiti hakijatoka mfukoni.