Deni la Jiao Moja: Mo Yan na Mama Yake

Maandishi mengi ya kuwakumbuka akina mama husomeka kama kadi ya pole. Mama alikuwa mpole, alijinyima, nani kama mama, basi. Ukimaliza kusoma bado humjui huyo mama. Unachojua ni kwamba mwandishi ana huzuni. Ndiyo maana mimi huirudia hotuba ya Nobel ya Mo Yan, aliyoitoa Stockholm tarehe 7 Desemba 2012. Dunia nzima ilikuwa inamsikiliza, naye akaanza na mama asiyejua kusoma wala kuandika, aliyezaliwa 1922, akaishi maisha ya kijijini huko Gaomi, mkoa wa Shandong, na kufariki 1994.

Hamwagii mama sifa. Anatoa visa, kimoja baada ya kingine. Mtoto anavunja thamosi ya pekee ya nyumbani, anajificha kutwa nzima kwenye nyasi, na jioni mama anampapasa kichwa na kushusha pumzi. Mama anaokota masuke ya ngano kwenye shamba la ushirika, mlinzi anamzaba kofi mpaka anaanguka. Mzee ombaomba anapiga hodi wakati familia inakula jiaozi, vile vitu vya unga vilivyojazwa na kuchemshwa, na mama anamimina nusu bakuli yake kwa mgeni. Halafu kuna kabichi: kijana anamzidishia mzee mmoja bei kwa jiao moja, yaani sehemu ya kumi ya yuan. Akirudi kutoka shule anamkuta mama analia, naye si mtu wa kulialia. Anamwambia kwa upole tu kwamba amemwaibisha.

Wasomaji wengi huvitunga visa hivi kwenye uzi mmoja na kuuita wema. Kusema kweli, mimi naona nyuzi mbili. Miaka mingi baada ya lile kofi, Mo Yan alikutana na mlinzi yule sokoni, sasa mzee wa mvi. Alitaka kumrukia, mama akamshika mkono: aliyenipiga na mzee huyu si mtu mmoja. Huo ni msamaha mkubwa. Lakini hebu ona, kofi lilitua kwenye shavu lake mwenyewe, na aliyekuwa na haki ya kulisamehe ni yeye. Ile jiao ilikuwa ya mtu mwingine. Hapo mama hakusema yaishe, wala hakutoa kisingizio kwamba ni kitu kidogo. Alilia.

Kwa nini nashikilia tofauti hii? Kwa sababu siku zile Mo Yan alikuwa anashutumiwa. Herta Müller, mshindi wa 2009, aliita tuzo hiyo janga. Alipoulizwa na waandishi wa habari Stockholm, Mo Yan alilinganisha udhibiti wa maandishi na ukaguzi wa uwanja wa ndege. Kuhusu Liu Xiaobo, mshindi wa Nobel ya Amani wa 2010 aliyekuwa gerezani, alikuwa amesema Oktoba kwamba anatumaini ataachiliwa mapema. Huko Stockholm hakutaka kuongeza neno. Jina lake la kalamu lenyewe maana yake ni usiseme. Kwa masikio ya siku hizo, kisa cha mlinzi kinaweza kusikika kama utetezi: ya kale yamepita, tuachane nayo. Hapo ndipo nakataa. Mwana hawezi kuazima msamaha wa mama yake ili alipie kofi lililompata jirani.

Lakini tumpe haki yake, jameni. Mtu huyu amesema mengi ndani ya riwaya. Soma *Big Breasts and Wide Hips*, aliyoitabarukia roho ya mama yake, kitabu kilichoshambuliwa vikali China. Mama wa humo, Shangguan Lu, anafanya kazi ya kusaga wakati wa njaa, anameza nafaka akiwa kazini, kisha anafika nyumbani na kuitapika ili watoto wapate kula. Hakuna kadi ya pole inayobeba picha kama hiyo. Njaa yenyewe inashtakiwa pale bila mtu kupaza sauti, na huyo mama mwizi wa nafaka anabaki na heshima yake yote.

Kwa hiyo naipenda hotuba hii bila kukubaliana na kila ilichotumika kutetea. Mo Yan angeweza kuacha kisa cha kabichi. Hakuna mtu Stockholm aliyekijua, na kinamwonyesha vibaya kuliko vyote. Alikiweka, na kwa kukiweka akatupa mizani ya mama yake tumpimie nayo. Kabichi zile zililiwa zamani. Deni la jiao moja bado limo kwenye hotuba, na aliyeliandika humo ni mwanawe.