Mafuta Yanapogeuka Sabuni

Sabuni ya kutengenezwa nyumbani huanza na mafuta, na anayeyajua mafuta vizuri amekwisha kuupata nusu ya ufundi. Katika pwani ya Afrika Mashariki elimu hiyo ilikuwa majumbani tangu zamani. Nazi hukunwa juu ya mbuzi, chicha hukamuliwa kwa kifumbu, na tui zito huinjikwa motoni litokote taratibu. Maji yakikaribia kwisha, sauti ya sufuria hubadilika: mchemko hunyamaza, mkaango huanza, na mafuta yaliyotulia hujitenga na mashapo ya rangi ya kahawia. Mafuta hayo hupakwa nywele na mwili. Anayetengeneza sabuni kwa mapenzi yake, bila haraka ya soko, huanzia hapo hapo, kisha hujiuliza mafuta haya yatakuwa na tabia gani yakishageuka sabuni.

Kila mafuta huingia katika sabuni na tabia yake. Ya nazi, ambayo karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, hutoa sabuni nyeupe, ngumu, yenye povu jingi la haraka. Povu hilo hutoka hata katika maji ya bahari, mahali ambapo sabuni nyingine hushindwa, na ndiyo sababu sabuni ya nazi iliitwa sabuni ya mabaharia. Lakini nguvu hiyo ina gharama: sabuni ya nazi tupu husafisha mpaka ikaondoa mafuta ya ngozi yenyewe, na mtu akaachwa amekauka kama aliyeoga majivu. Mawese ni mapole zaidi. Hutoa mche mgumu unaodumu bafuni, wenye povu dogo zito, na yakiwa mabichi kama yanavyouzwa Kigoma huipaka sabuni rangi ya chungwa ambayo hakuna rangi ya dukani inayoifikia kwa uzuri. Alizeti hulainisha na bei yake ni nafuu, ila yakizidi katika mchanganyiko, sabuni huota madoa ya rangi ya kutu na harufu ya mafuta yaliyochacha baada ya miezi michache. Ya nyonyo hutiwa kidogo tu. Kazi yake ni kulishika povu lisipotee upesi.

Kinachoyageuza mafuta haya kuwa sabuni ni alkali kali, ambayo kwa sabuni ya mche ni kostiki soda. Mwaka 1823 mwanakemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, alichapisha kitabu kilichoeleza mafuta yameundwa na nini: asidi za mafuta zilizofungamana na gliserini. Alkali hukata fungamano hilo. Asidi huungana na sodiamu zikawa sabuni, na gliserini hubaki huru pembeni. Mchanganyiko ukishakamilika na vipimo vikiwa sahihi, hakuna kostiki inayobaki. Jambo hili hustahili kustaajabiwa kila mara, kwamba kitu kinachounguza mkono na kitu kinachouchafua mkono vikutane, na mtoto wao awe kitu cha kuusafisha.

Mafuta hayali kostiki kwa kiwango kimoja. Gramu moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 0.183 za kostiki, ya mawese gramu 0.142, ya alizeti karibu 0.135, na ya nyonyo 0.128. Kwa hiyo mchanganyiko wa gramu 500 za mawese, 300 za nazi, 150 za alizeti na 50 za nyonyo ungekula gramu 152 na kitu. Fundi mwangalifu hupunguza asilimia 5 na kutia gramu 145, pamoja na maji gramu 290. Upungufu huo ni wa makusudi: mafuta kidogo hubaki bila kugeuka, yakaihurumia ngozi. Kwa sabuni ya nazi tupu wengine huacha hadi asilimia 20. Hesabu hufanywa kwa uzito, kwa mizani inayosoma gramu moja moja. Kupima kwa vikombe, jambo linalovumilika katika maandazi, hapa huharibu kila kitu.

Kabla ya kostiki ya viwandani, alkali ilitoka katika majivu. Maji yaliyochujwa katika majivu ya kuni au ya maganda ya ndizi huwa na potasiamu, na sabuni yake huwa laini. Sabuni nyeusi ya Afrika Magharibi hutengenezwa hivyo mpaka leo. Magadi nayo, kama yale ya Ziwa Magadi nchini Kenya, ni alkali ya sodiamu, lakini peke yake ni dhaifu kwa kazi hii. Yakichemshwa pamoja na chokaa, chokaa huivuta kaboneti na kuzama nayo chini, na juu hubaki maji ya kostiki. Hapo zamani nguvu ya maji ya alkali ilipimwa kwa yai bichi: likizama, maji hayajawa tayari, likielea na kuonyesha sehemu ndogo ya ganda, yamefaa. Kipimo hicho kinapendeza kukisimulia, lakini mizani hulipita yai kwa mbali.

Kostiki inataka heshima. Huvaliwa glavu na miwani ya kukinga macho, watoto huwekwa mbali, na kazi hufanyika penye hewa. Kostiki hutiwa ndani ya maji. Maji kamwe hayamwagwi juu ya kostiki, maana huweza kulipuka na kurukia uso. Maji hupanda joto yenyewe bila moto, yakapita nyuzi 80 za selsiasi, na mvuke wake haufai kuvutwa. Sufuria za alumini zilizozoeleka jikoni hazifai hata kidogo, kwani kostiki huzila na kutoa gesi inayowaka. Plastiki ngumu na chuma kisichoshika kutu ndivyo vyombo vyake. Ikidondokea ngozi, dawa ni maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu.

Baada ya hatari hiyo hufuata sehemu tulivu. Mafuta na maji ya kostiki, vyote vikiwa vimeshuka hadi vuguvugu la nyuzi 40 hivi, huchanganywa na kukorogwa. Mwanzoni mchanganyiko hung'aa na kutaka kujitenga. Kisha hufifia, ukawa kama tui la pili, ukawa kama tui la kwanza, ukafikia uzito wa uji mwepesi. Fundi huinua mwiko na kuacha tone lidondoke: mstari wake ukibaki juu kwa muda kabla ya kuzama, sabuni imeshika. Kwa mwiko kazi hii huweza kuchukua saa nzima. Kwa mashine ya kusagia ya mkono ni dakika chache. Wanaopenda mwiko hawakosei, kwani mabadiliko yale huonekana vizuri zaidi yakienda polepole.

Manukato na rangi huingia hapa, na hapa ndipo wengi hushangazwa. Mafuta ya karafuu, fahari ya Pemba, yakizidi huigeuza sabuni kuwa donge gumu ndani ya sufuria kabla haijamiminwa, kwa sababu eujenoli iliyomo huharakisha kila kitu. Hutiwa kidogo, mwishoni kabisa, na kalibu ikiwa tayari mezani. Manjano hugeuka mekundu yakigusa alkali, kisha hutulia polepole kwenye rangi ya chungwa au hudhurungi. Maua huumiza moyo: asumini na mawaridi yanayopamba vikuba huwa vipande vya kahawia ndani ya sabuni, na harufu yao hupotea. Mchaichai hustahimili vizuri. Wanaopenda tui badala ya maji huligandisha kwanza, kwani sukari iliyomo huungua kostiki inapotiwa. Huko Unguja, ambako kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989 na kubebwa zaidi na wanawake, mwani uliokaushwa na kusagwa nao umeingia katika sabuni. Unga wake huacha chembe za kusugua ngozi kwa upole, na mwani ambao ungeuzwa mkavu kwa bei ndogo hupata thamani nyingine.

Sabuni humiminwa kwenye kalibu ya mbao iliyotandikwa karatasi, hufunikwa na kufungwa blanketi. Ndani yake joto huendelea bila moto, katikati pakawa kama jeli, kisha pakapoa. Baada ya siku moja au mbili hukatwa vipande, ikiwa ngumu kama jibini. Kukata mapema huibomoa. Kukata kwa kuchelewa huivunja.

Kisha husubiriwa wiki nne hadi sita. Vipande hupangwa kwa nafasi mahali penye kivuli na upepo, na kugeuzwa mara kwa mara. Maji hupungua, mche huwa mgumu, povu hupata ulaini ambao haukuwapo wiki ya kwanza. Wakati wa masika pwani, hewa ikiwa imejaa unyevu, sabuni hukauka kwa shida na hutoka jasho, kwa kuwa gliserini iliyobaki ndani huvuta maji ya hewani. Gliserini hiyo ndiyo tofauti kubwa na sabuni nyingi za viwandani, ambako sabuni hutengwa kwa chumvi na gliserini ikauzwa kwa kazi nyingine. Katika mche wa nyumbani hubaki yote, na ngozi huijua.

Subira hii ina ndugu wakubwa. Huko Aleppo, nchini Syria, sabuni ya zeituni na loreli huachwa ikauke kwa miezi mingi, mpaka ngozi yake ya nje ikawa ya dhahabu na moyo ukabaki kijani. Huko Nablus, Palestina, vipande vya sabuni ya zeituni hujengwa minara mirefu yenye matundu ili upepo upite. Mwaka 2024 UNESCO iliutambua ufundi wa miji yote miwili kuwa urithi wa binadamu. Waswahili nao walilipata neno sabuni kutoka Kiarabu, lugha ya mafundi hao.

Bafuni, sabuni ya mkono huhitaji kibao chenye matundu, isilale katika maji. Penye maji ya kisima cha mwamba wa matumbawe, yenye chokaa nyingi, povu litachelewa na utando mweupe utabaki kwenye beseni. Hapo mchanganyiko wenye nazi zaidi husaidia. Masalia ya kukatia na vipande vilivyopindika havitupwi. Hukunwa kwa kikwaruzo cha karoti, kisichorudi tena jikoni, hutiwa maji kidogo, hupashwa moto mdogo katika sufuria iliyofunikwa mpaka vilainike, na kushindiliwa tena kwenye kalibu.